Programu ya kazi: uinunue kwenye duka rasmi au kwa msanidi mwenyewe?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Ndugu mtaalamu, nimekuwa nikijaribu programu ya kuhariri picha niliyoipakua kwenye tovuti ya msanidi wake, yaani aliyeitengeneza, na sasa muda wa majaribio umekwisha. Natumia kompyuta ya Mac. Naona programu hiyohiyo inauzwa pia kwenye Mac App Store, kwa bei ileile. Nitaitumia kazini kila siku. Je, kuna tofauti yoyote nikinunua huku au kule?"

Ndugu msomaji, tofauti ipo, na ni kubwa kuliko bei inavyodokeza, ila haijionyeshi siku ya kununua. Siku hiyo njia zote mbili zitakufikisha mahali pamoja: utalipa, programu itafunguka, na picha zako zitaharirika vilevile. Tofauti hujitokeza baadaye, siku utakapobadilisha kompyuta, siku toleo jipya litakapotoka, siku utakapotaka kurudishiwa pesa, au siku ambayo muuzaji mwenyewe hatakuwapo tena. Kwa hiyo, kabla hujaitoa kadi yako, ningependa ujiulize leseni yako itakuwa mikononi mwa nani, na likitokea la kutokea utabisha hodi kwa nani.

Unachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia programu kwa masharti fulani. Ukinunua kwenye Mac App Store, duka rasmi la Apple, watengenezaji wa Mac, ruhusa hiyo huandikwa kwenye akaunti yako ya duka. Apple ndiyo inayopokea malipo na ndiyo inayotoa risiti, na msanidi hapewi jina lako wala anwani yako ya barua pepe. Anachoona ni kwamba nakala moja zaidi imeuzwa. Ukinunua kwa msanidi, utatumiwa kwa barua pepe ufunguo wa leseni, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao utauingiza kwenye programu mara ya kwanza, na jina lako litaingia kwenye orodha ya wateja wake. Mara nyingi malipo yenyewe hupitia kampuni ya kati kama Paddle au FastSpring, ndiyo maana taarifa ya kadi inaweza kuonyesha jina usilolitarajia. Usishtuke ukiliona, lakini liandike pembeni ya risiti ili ulikumbuke baadaye.

Nianze kwa kulitendea haki duka, kwa sababu wenzangu wengi katika fani hii hulibeza upesi mno. Duka la programu za simu za iPhone lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500 hivi, na lile la kompyuta za Mac likafuata Januari 2011. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida aliyetaka programu ndogo ya kompyuta alilazimika kuitafuta kwenye tovuti asiyoijua, kumpa namba ya kadi mtu asiyemjua, na kutunza ufunguo wa leseni ambao angeuhitaji tena miaka mitatu baadaye. Duka lilimwondolea mzigo huo wote. Kadi yako inajulikana na upande mmoja tu. Ukipata kompyuta mpya, unaingia kwenye akaunti yako na kila ulichonunua unakikuta kwenye orodha. Ukiwa na familia, programu nyingi zinaweza kutumiwa na watu hadi sita kwa malipo ya mara moja, pale msanidi aliporuhusu. Na usajili wa kila mwezi unaukatisha mahali pamoja, bila kumwandikia mtu barua ya kumsihi akuache uende. Kwa mtu anayejua kwamba hatunzi kumbukumbu zake vizuri, hizi ni faida za kweli, wala si uvivu kuzichagua.

Wengi hudhani pia kwamba duka ni salama na nje ya duka ni hatari. Hapo inafaa tuende polepole, maana dhana hiyo ina ukweli wa nusu. Duka hukagua programu kabla ya kuiuza, na ukaguzi huo huzuia mengi. Hata hivyo, Septemba 2015 iligundulika kwamba programu kadhaa za iPhone zilizokuwa dukani, zikiwamo baadhi zenye watumiaji wengi sana, zilikuwa zimeingiliwa, kwa sababu wasanidi wake walitumia zana ya kazi iliyochezewa, nao wakaguzi hawakung'amua. Septemba 2018 iliondolewa kwenye Mac App Store programu iitwayo Adware Doctor, iliyokuwa miongoni mwa zile za kulipia zilizouzwa sana, baada ya watafiti kuonyesha kwamba ilikuwa ikikusanya historia ya vivinjari vya watumiaji na kuituma kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya mtandaoni, iliyoko China. Watu waliinunua ili iwalinde.

Upande wa pili nao una yake. Kati ya tarehe 2 na 6 Mei 2017, mojawapo ya seva zilizokuwa zikitoa HandBrake, programu ya bure ya kubadili miundo ya video, ilivamiwa, na faili halali ikabadilishwa kwa nyingine yenye programu hasidi ndani yake. Miongoni mwa waliodhurika alikuwamo mmoja wa waasisi wa Panic, kampuni inayotengeneza programu za Mac, na wavamizi wakaiba msimbo wa programu za kampuni hiyo. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni programu, tena aliipakua kwenye tovuti sahihi. Mwaka huohuo, kati ya Agosti na Septemba, toleo la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lililokuwa na saini halali ya kidijitali ya kampuni yenyewe, yaani alama ya kuthibitisha kwamba faili imetoka kwake, lilisambazwa likiwa limechezewa, na likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Nakueleza haya ili usiufanye usalama kuwa hoja pekee ya uamuzi wako. Kwa programu ya kulipia kutoka kwa msanidi anayejulikana, na kwa mnunuzi anayefuata hatua nitakazozieleza hapo chini, usalama unakaribiana pande zote mbili. Mambo yanayotofautisha hasa ni mengine.

La kwanza ni kwamba programu ya dukani na ile ya kwenye tovuti si lazima ziwe kitu kimoja, hata kama jina na ikoni havina tofauti. Tangu Juni 2012 kila programu inayoingia Mac App Store hulazimika kufanya kazi ndani ya uzio: inapewa folda zake, na haiwezi kugusa kitu kingine chochote kwenye diski mpaka wewe uiruhusu. Ni kinga nzuri, lakini baadhi ya kazi haziwezekani ndani ya uzio huo. Ndiyo sababu programu ya kunakili diski nzima kama SuperDuper imekuwa ikiuzwa na mtengenezaji wake mwenyewe. Kazi yake yote ni kufika kila pembe ya diski. Panic waliitoa Coda, programu yao ya kutengenezea tovuti, dukani mwaka 2014 kwa sababu hiyohiyo. Kwa programu ya picha kama yako, uzio unaweza kuonekana katika mambo madogo: toleo la dukani likuombe ruhusa ya kila folda unayoifungua, au lisiweze kupokea programu-jalizi, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, ambazo toleo la tovuti linazipokea. Tafuta kwenye tovuti ya msanidi ukurasa unaolinganisha matoleo hayo mawili. Wasanidi waungwana huuweka.

Kuna jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja, na wengi hulijua wakiwa wamekwisha kulipa. Nakala uliyokuwa ukiijaribu ni ile ya kwenye tovuti. Ukilipia dukani, malipo hayo hayataifungua nakala hiyo. Utaifuta na kupakua nyingine kutoka dukani, ambayo kwa sababu ya uzio huhifadhi mambo yake mahali tofauti, ndani ya folda iitwayo Containers iliyomo kwenye Library yako. Mipangilio uliyoizoea, brashi ulizozitengeneza, na pengine hata orodha ya albamu zako, vinaweza kubaki kule vilikokuwa huku nakala mpya ikifunguka mbele yako tupu kama siku ya kwanza. Picha zenyewe hazipotei, na wasanidi wengine huandaa njia ya kuhamisha mipangilio, lakini inauma kuligundua hilo asubuhi ambayo mteja anasubiri kazi yake.

La pili ni matoleo mapya, na hapa ndipo pana uzito mkubwa zaidi kwa mtu anayetegemea programu kwa riziki. Masasisho madogo, yale ya kurekebisha kasoro, huja bure pande zote mbili. Lakini baada ya miaka miwili au mitatu msanidi hutoa toleo kubwa, na desturi ya miaka mingi imekuwa kumpunguzia bei mteja wa zamani, mara nyingi hadi nusu. Anayeuza mwenyewe anaweza kufanya hivyo kwa sababu ana orodha ya wateja wake na anajua nani alinunua nini. Duka la Apple halikumpa msanidi njia ya moja kwa moja ya kumtoza mteja wa zamani bei pungufu kwa toleo jipya. Kwa hiyo msanidi aliyeko dukani hubaki na njia tatu zisizopendeza: atoe toleo kubwa bure na yeye akose kipato, aliuze kama programu mpya kwa bei kamili kwa wote, au ageuze kila kitu kuwa usajili. Sketch, programu ya usanifu wa michoro, ilipoondoka dukani Desemba 2015, suala hili lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. BBEdit, kihariri maandishi cha siku nyingi, kiliondoka mwaka 2014 na kurejea mwaka 2019, lakini kilirejea kwa masharti tofauti: dukani unakipata kwa usajili wa mwezi au mwaka, ilhali kwenye tovuti ya mtengenezaji unaweza kununua leseni ya kudumu. Kazi ni ileile, mkataba ni mwingine kabisa. Kwa hiyo, hata bei mbili zikiwa sawa leo, uliza bei ya toleo lijalo itakuwaje, na uliza pia kama malipo ya leo ni ya kudumu au ni ya muda.

Kuhusu pesa zinakokwenda, kamisheni ya kawaida ya maduka makubwa imekuwa asilimia 30, ingawa mwaka 2021 Apple na Google zilishusha hadi asilimia 15 kwa wasanidi wadogo, kiwango cha mpaka kikiwa mapato ya dola milioni 1 kwa mwaka. Kampuni ya kati kama Paddle hutangaza kiwango cha asilimia 5 pamoja na senti 50 za dola kwa kila mauzo. Katika kila dola 100 unazolipa, basi, msanidi hubaki na kati ya 70 na 85 kupitia duka, na zaidi ya 90 ukimlipa kwenye tovuti yake. Wajibu wa kumhurumia msanidi si wako, lakini kama ungependa programu iendelee kutengenezwa miaka kumi ijayo, hesabu hiyo inakugusa.

Kurudishiwa pesa ni suala ambalo watu hulikosea sana. Ukinunua kwenye duka la Apple, ombi la kurudishiwa hupelekwa Apple, na msanidi hana kitufe cha kukurudishia hata kama anataka. Nimeona wasanidi wakilaumiwa vikali kwa jambo lisilokuwa mikononi mwao. Google Play, duka la Google la programu za simu za Android, ina utaratibu mwepesi zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, na baada ya hapo hukuelekeza kwa msanidi. Anayeuza mwenyewe hujiwekea sera yake, na wengi wenye sifa nzuri hurudisha pesa ndani ya siku 14 au 30 bila maswali mengi, lakini sera hiyo uisome kabla ya kulipa.

Sasa tuzungumze kuhusu siku mbaya. Tarehe 11 Novemba 2015, cheti cha kidijitali ambacho Apple ilikitumia kuhakiki programu za Mac App Store kilifikia mwisho wa muda wake, na watu sehemu nyingi za dunia wakakuta programu walizozilipia zinagoma kufunguka, zikisema zimeharibika na zifutwe. Wengine walilazimika kuzifuta na kuzipakua upya. Wasanidi walipokea lawama, lakini hawakuwa na la kufanya ila kusubiri. Hiyo ndiyo hatari ya kuweka leseni zote kwenye kapu moja: kapu likitikisika, vyote hutikisika. Hatari kubwa zaidi ya aina hiyo ni akaunti yako kufungwa au kudukuliwa, kwa sababu ukikosa akaunti umekosa kila ulichonunua kwayo. Tena akaunti hufungamana na nchi. Ukihama, inabidi ubadilishe nchi ya akaunti, na huenda programu uliyoilipia haiuzwi katika duka la huko uendako.

Lakini hata mkononi mwa msanidi leseni inaweza kufa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja kwa moja programu ya kuchora michoro ya kiufundi, nikautunza ufunguo wake vizuri. Kampuni ikauzwa, na wanunuzi wapya wakaizima seva iliyokuwa ikihakiki funguo. Kwenye kompyuta ya zamani programu iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Kwenye mpya niliingiza ufunguo, kiduara kikazunguka kwa muda, kisha ukatokea ujumbe kwamba seva haipatikani. Niliulinganisha ufunguo herufi kwa herufi na barua pepe ya ununuzi. Ulikuwa sahihi, ila hapakuwa na wa kuupokea. Tangu hapo, kabla ya kununua kwa msanidi yeyote, humwandikia kumuuliza kama ufunguo wake unaweza kuhakikiwa bila intaneti, na jibu lake huwa na uzito kwangu kuliko tangazo lolote.

Iwapo utanunua kwa msanidi, na nitakueleza punde kwa nini naelekea huko, fanya hivi. Usifike kwenye tovuti kwa kubofya matokeo ya juu ya utafutaji, kwa sababu nafasi za juu mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa, na matapeli wamekuwa wakizinunua ili kupeleka watu kwenye kurasa zinazofanana kabisa na za kweli. Andika anwani mwenyewe, au tumia kiungo kilichomo ndani ya programu uliyokwisha kuijaribu. Usipakue kutoka tovuti za kukusanya programu za watu wengine, hata ziwe maarufu. Ukimaliza kupakua, iache kompyuta ifanye kazi yake: tangu toleo la mfumo endeshi wa Mac liitwalo macOS Catalina, la mwaka 2019, programu inayouzwa nje ya duka hutakiwa iwe imetiwa saini na msanidi na kupitishwa kwenye ukaguzi wa kiotomatiki wa Apple, na Mac yako itakataa kuifungua isipokuwa na uthibitisho huo. Ikikataa, usitafute mbinu ya kuilazimisha, mwandikie msanidi. Kwa wanaotumia Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na utazame ni jina la nani limetia saini.

Baadhi ya wasanidi huchapisha pia namba ya uhakiki ya faili, kwa kawaida ya aina ya SHA-256. Fungua Terminal, programu ya kuandikia amri iliyomo ndani ya Mac, andika shasum -a 256, acha nafasi moja, kisha buruta faili uliyoipakua uiweke hapohapo na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utaona mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule uliochapishwa, wote, si mwanzo na mwisho tu. Faili ikibadilishwa hata kwa herufi moja, mfuatano huo hubadilika kabisa, na waliopakua HandBrake siku zile za Mei 2017 wakafanya ulinganisho huu waliigundua faili bandia kabla ya kuifungua.

Kwa simu jibu langu ni fupi: nunua dukani. Kwenye iPhone sehemu nyingi za dunia hakuna njia nyingine, isipokuwa mahali pachache kama Umoja wa Ulaya, ambako maduka mengine yameruhusiwa tangu Machi 2024, na kwenye Android, ingawa njia za pembeni zipo, mtu asiye na ujuzi wa kukagua faili hana sababu ya kuzifuata. Kinachoweza kukufaa ni huduma za usajili zinazolipiwa kwenye tovuti ya mwenye huduma na kutumiwa kwenye simu; wakati mwingine huwa nafuu zaidi kule, kwa kuwa kamisheni haimo.

Kwa upande wako, ndugu msomaji, programu ni ya kompyuta, ni ya kazi, ya kila siku, na nakala yenye mipangilio yako tayari ni ile ya msanidi. Ningenunua kwa msanidi. Ingekuwa ni programu ndogo ya kutumia mara mbili kwa mwezi, au ingekuwa unataka watu wote nyumbani waitumie, ningekuambia uende dukani bila kusita. Kabla ya kulipa, mtumie msanidi barua pepe yenye maswali matatu: leseni ni ya kompyuta ngapi, toleo kubwa lijalo litamgharimu kiasi gani mteja wa zamani, na ufunguo unahakikiwaje. Asipokujibu ndani ya wiki moja, umejua namna atakavyokujibu siku utakapokuwa na shida.

Ukishalipa, hifadhi ufunguo, risiti na faili ya kusakinishia mahali pawili, pamoja na anwani ya barua pepe uliyonunulia, maana hiyo ndiyo msanidi atakayokutambua kwayo. Na siku utakapopata kompyuta mpya, usiitafute programu hiyo dukani kwa mazoea. Duka halitakutambua, litakuonyesha bei kamili, na kidole kitakuwa kimebonyeza kabla hujakumbuka. Rudi kwenye tovuti ya msanidi, pakua, ingiza ufunguo, na uendelee na kazi.